Manukato Matamu ya Kaskazi kwa Bei ya Chini

Kaskazi ikishaingia Disemba, Mombasa haipoi tena mpaka mvua za masika. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, usiku nao haupoi sana, na hewa hujaa unyevu hata jasho likakaa mwilini lisikauke. Huo ndio msimu watu wanapotamani manukato matamu: nazi, embe, pasheni, nanasi, vanila. Na ndio msimu ambapo manukato hayo hayo humgeuka mvaaji, yakawa mazito na ya kukirihisha kabla ya adhuhuri, hasa ndani ya matatu iliyojaa au kwenye ferri ya Likoni.

Hoja yangu ni moja. Manukato matamu yanavalika vizuri sana Mombasa, na hayahitaji pesa nyingi, mradi utamu wake uwe kidogo kuliko ule unaokufurahisha dukani, na pawe na kitu cha kuukata.

Chupa moja ya manukato ina vitu vingi ndani yake, na kila kimoja huruka hewani kwa kasi yake. Harufu ya ndimu na chungwa, ambayo sehemu kubwa ni limonini, ni miongoni mwa za kwanza kuondoka. Harufu za matunda kama nanasi, zinazotokana na esta nyepesi, huondoka pamoja nayo. Maua kama asumini na langilangi hukaa katikati. Mwisho hubaki vile vizito: gama-nonalaktoni, ambayo watengenezaji huitumia kutoa harufu ya nazi; vanilini, ile ya vanila; na ethili maltoli, ile harufu ya sukari inayoungua. Joto huharakisha vyote, lakini vyepesi ndivyo vinavyokwisha. Dukani, chini ya kiyoyozi, embe na pasheni huweza kukaa nusu saa na zaidi. Nje, kwenye ngozi yenye jasho, baada ya dakika 15 au 20 tunda limekwenda zake na umebaki na sukari peke yake. Ndiyo maana mtu hununua harufu ya embe akajikuta amevaa halua.

Dawa ya hilo kila mtu wa Mombasa anaijua kwa ulimi. Embe la kule Lighthouse, kando ya bahari, haliuzwi tupu, hupakwa chumvi na pilipili, na utamu wake ukawa na mwelekeo. Kwenye manukato kazi ya chumvi hufanywa na ndimu, na harufu ya bahari, na majani mabichi, na maua meupe, na sandali kavu au misk mweupe chini kabisa. Ukisoma orodha kwenye boksi ukaona nazi au embe ikiambatana na asumini, ua la mchungwa au langilangi, kisha sandali au misk, hapo pana matumaini. Ukiona karameli, sukari, pralini na tonka zimepangwa pamoja na vanila, iache hiyo mpaka Julai, kusi ikivuma.

Mtindo huu wa kuvaa harufu ya vitu vya kuliwa una umri wake. Angel ya Mugler ya mwaka 1992 ndiyo iliyoipa ethili maltoli jina kubwa, na tangu hapo kila kampuni imekuwa na sukari yake. Kwa bei ambayo watu wengi wanaimudu, kampuni za Ghuba ndizo zilizojaza rafu zetu. Yara Tous ya Lattafa, ile chupa ya rangi ya chungwa, hutajwa sana kwa sababu inaanza na embe, nazi na pasheni, inapita kwenye asumini na ua la mchungwa, halafu inatua kwenye vanila na misk. Ni nzuri, lakini ni tamu kweli kweli: mipulizo miwili chini ya nguo inatosha, na mitano ni kuwaonea wenzako. Al-Rehab ya Saudia nayo hutoa rolon za ml 6 zisizo na spiriti, zinazofaa kwa anayetaka kujaribu bila kuvunja kibubu.

Kujaribu kwenyewe kuna namna yake. Kipande cha karatasi hukuonyesha mwanzo tu, na hakina jasho. Pulizia mara moja upande wa ndani wa kigasha, usisugue, kisha toka dukani. Maliza shughuli zako Biashara Street, pita Marikiti ununue mboga, ukae juani kama wanavyokaa watu. Baada ya saa mbili nusa tena, hiyo ndiyo harufu unayoilipia. Usijaribu zaidi ya mbili kwa siku, moja kila mkono, kwa sababu pua huchoka na ya tatu huinusi sawasawa. Na muuzaji akikuharakisha, mwambie utarudi.

Sasa bei. Watu hutazama bei ya chupa, na hapo ndipo wanapopotea. Spreyi nyepesi ya mwili huwa na mafuta ya harufu kama asilimia 1 hadi 3, manukato ya daraja la kati 5 hadi 15, na yale mazito 15 hadi 20. Mpulizo mmoja hutoa takribani ml 0.1. Tuseme spreyi ya ml 236 inauzwa shilingi 2,400: ni shilingi moja kwa mpulizo, lakini itakubidi upulize mara 12 asubuhi na 12 tena alasiri, jumla shilingi 24 kwa siku. Tuseme manukato mazito ya ml 100 yanauzwa 3,000: shilingi 3 kwa mpulizo, na minne inakutosha mpaka jioni, basi ni shilingi 12. Mafuta ya uturi ya nusu tola, ambayo ni kama ml 6, hutoa matone 120 hivi. Yakiuzwa 600, matone mawili kwa siku ni shilingi 10. Weka bei za duka lako mahali pa hizi zangu za mfano, hesabu itakwenda vile vile. Chupa kubwa ya bei nafuu ndiyo mara nyingi inayokula pesa.

Chupa zinazofanana na asili lakini si asili ni nyingi. Tazama namba ya toleo iliyopigwa chini ya chupa ilingane na ile ya boksi. Bomba la kupulizia likae katikati lisichezecheze, na mpulizo utoke kama ukungu, si matone. Maandishi yasiwe na makosa ya herufi. Bei ikiwa nusu ya bei ya maduka yote mengine, usijidanganye.

Kwa maoni yangu, mtu wa Mombasa ana bahati ambayo wengine hawana: maduka ya uturi ya Mji wa Kale na pembezoni mwake, ambako mafuta hupimwa kwa tola, nusu tola, hata robo. Tola moja ni gramu 11.66. Hapo unaweza kununua harufu moja moja na kuzichanganya mwenyewe, ukaweka nazi unavyopenda na vanila unavyoweza kuivumilia. Lakini uliza mafuta yamezimuliwa kwa nini. Mengine yamechanganywa na mafuta ya madini, yale yale yaliyomo kwenye mafuta ya watoto, na hayo hayayeyuki kwenye spiriti. Jaribio ni rahisi: tia tone moja kwenye kijiko kimoja cha spiriti ya manukato ndani ya kichupa cha kioo, utikise. Ikibaki angavu, chukua. Ikiwa nyeupe kama tui, au yakajitenga vitone vitone, basi hayo ni ya kupaka mwilini tu, usiyatie kwenye spreyi.

Spreyi ya ml 100 ya kaskazi, hesabu yangu ni hii. Mafuta ya harufu yote yawe ml 4. Embe 0.8, nazi 0.8, ndimu iliyopatikana kwa mvuke 0.4, langilangi 0.4, asumini 0.6, vanila 0.3, misk mweupe au sandali 0.7. Spiriti ya manukato ya asilimia 95 iwe ml 80, na maji yaliyotoneshwa ml 16. Pima kwa sirinji ya ml 1 kutoka duka la dawa. Kuhesabu matone hukosesha, kwa kuwa tone la sandali nzito na tone la ndimu si sawa hata kidogo.

Anza na yale mazito: misk, vanila, nazi. Yatie kwenye chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, kisha maua, kisha embe, ndimu mwisho. Zungusha taratibu, acha saa 24 yazoeane. Ndipo umimine spiriti, ufunge, na uweke kabatini gizani wiki mbili. Maji hutiwa mwisho, baada ya hizo wiki mbili, kidogo kidogo kwa sirinji, huku ukitazama. Wingu likianza kuonekana, simama hapo hapo na urudishie ml 2 au 3 za spiriti mpaka iangavuke. Kinachosababisha wingu mara nyingi ni ndimu, kwani limonini haipatani na maji. Ukiisha, weka chupa kwenye friji usiku mmoja, asubuhi uchuje ikiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Vitu vinavyoganda hubaki kwenye karatasi, na bomba halizibi.

Nazi ndiyo inayowapotosha wengi. Mafuta ya nazi ya kupikia au ya nywele hayaingii kwenye spreyi, hata kama yananukia vipi: hayayeyuki kwenye spiriti, yatajitenga na kuzama chini, na yataziba bomba. Unachotaka ni mafuta ya harufu ya nazi kutoka kwa muuza uturi. Na hayo pia yana kipimo. Ukizidisha ml 1 katika mia, harufu huacha kuwa ya nazi ikawa ya losheni ya watalii.

Langilangi tunayoipata kwa urahisi hutoka Komoro, jirani zetu. Hukenekwa, yaani hutolewa mafuta kwa mvuke, kwa madaraja: Ekstra, ambayo ndiyo ya mwanzo wa mkeneko, kisha I, II na III. Ekstra ni ghali na ina ukali wa ua bichi. Daraja la III ni rahisi, limetulia, na chini ya embe linafaa vizuri tu. Usilipie Ekstra kwa kazi hii.

Kuhusu spiriti, nunua ile ya manukato kwa wanaouza malighafi za sabuni na vipodozi. Spiriti ya hospitali huwa imetiwa vitu vingine na harufu yake haifichiki. Spiriti ya rangi ya zambarau, ya kuwashia taa, ina methanoli, ambayo ni sumu. Isiguse ngozi kamwe. Changanya mbali na jiko. Na kwa kuwa nyumba nyingi hapa hufukiza udi, hili lishikwe sana: nguo ifukizwe kwanza, chetezo kiondolewe, ndipo upulize. Mvuke wa spiriti karibu na kaa la moto huwaka.

Asiyetaka spiriti, ama kwa dini ama kwa ngozi yake, ana njia nyingine, na mimi naipenda kuliko hiyo ya kwanza: mafuta ya nazi yaliyonyonya asumini. Watu wa Tahiti hufanya hivyo kwa ua lao la tiare na kuyaita monoi. Tangu 1992 jina la Monoi de Tahiti linalindwa kisheria, na masharti yake yanataka maua 10 au zaidi kwa kila lita na siku 10 au zaidi za kuloweka. Asumini yetu ni ua dogo, hivyo idadi hupanda.

Chukua ml 250 za mafuta ya nazi yaliyo safi. Yakiwa ni ya nyumbani, yaliyopikwa kutokana na tui, bado yana maji ndani yake. Yapashe kwa moto mdogo mpaka vipovu vikome kabisa, halafu yaache yapoe. Tafuta asumini jioni. Vitumba hufunguka usiku, na ua huendelea kutoa harufu saa nyingi baada ya kuchumwa, ndiyo maana njia hii inafanya kazi. Usiyaoshe. Yatandaze kwenye kanga kavu kwa saa moja umande uondoke, toa vikonyo vya kijani, tupa kila ua lenye wekundu au kahawia kwenye ncha. Tia maua 40 ndani ya mafuta, uyazamishe yote, kisha funika mdomo wa chupa kwa kitambaa cha melimeli. Usifunike kwa kifuniko siku hizi za mwanzo, maana unyevu wa maua unahitaji pa kutokea. Baada ya saa 24 chuja bila kukamua, tia maua mapya. Rudia mara tano au sita.

Ukikamua maua, utaingiza maji ndani. Ukiyaacha siku mbili badala ya moja, yataoza na mafuta yatanuka kama majani makavu yaliyolowa. Mafuta yakiwa na ukungu mweupe chini ya chupa, hayo ni maji: yaache yatulie siku mbili, umimine ya juu polepole, ya chini uyatupe. Harufu ya uchachu ikishatokea hairekebishiki, anza upya. Mwisho tia vitamini E matone manne au matano, na ukipenda, langilangi ml 0.5. Wakati wa kaskazi mafuta haya hukaa maji maji. Asubuhi za Julai na Agosti huanza kuganda, kwa kuwa mafuta ya nazi hushikana chini ya nyuzi 24 hivi. Yakiganda hayajaharibika.

Kupaka sasa. Oga, jifute, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu kidogo wa maji, paka mafuta au losheni isiyo na harufu. Ngozi kavu humeza manukato. Kisha manukato, nyuma ya masikio, kwenye kiwiko kwa ndani, nyuma ya goti. Usipulizie juu ya jasho la asubuhi ukidhani utalifunika: jasho na vanila huungana kuwa harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili. Katikati ya mchana, kabla ya kuongeza, futa kwa kitambaa chenye maji. Na usijiongezee kwa sababu wewe huisikii tena. Pua huzoea ndani ya nusu saa, jirani yako kwenye kiti cha matatu bado anaisikia. Muulize mtu wa nyumbani.

Nguo hushika harufu kuliko ngozi, hasa pamba. Mpulizo mmoja kwenye pindo la kanga au leso, kwa umbali wa sentimita 20, hukaa siku nzima, na utamu huwa mwepesi kwa sababu hakuna joto la mwili la kuusukuma. Wanawake wengi wa Mji wa Kale huweka harufu nzito ya nyumbani na kutoka na nyepesi, na kwa hali ya hewa hii wana haki.

Lakini si kila nguo. Vanilini hugeuka kahawia kadiri siku zinavyopita, na manukato yenye vanila nyingi huacha doa la rangi ya chai kwenye kanzu nyeupe. Doa halionekani siku hiyo, hutokea baada ya kufuliwa na kuanikwa juani mara kadhaa. Kwenye kanzu puliza upande wa ndani wa shati la chini, au tumia misk mweupe usio na vanila. Mafuta ya uturi na hariri yasikutane kabisa.

Pwani ya Nyali au kule ufukwe wa Pirates, ukijua utakaa juani, usipake ndimu wala bergamoti iliyokamuliwa. Zina kemikali ziitwazo furokumarini, na jua likizipiga kwenye ngozi huleta malengelenge, kisha alama nyeusi zinazokaa miezi. Maji ya ndimu yaliyomwagikia mkononi wakati wa kukamulia samaki hufanya vile vile. IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji manukato, limeweka kikomo cha asilimia 0.4 kwa bergamoti iliyokamuliwa na 0.7 kwa ndimu iliyokamuliwa katika kitu kinachobaki kwenye ngozi. Ndimu ya mvuke haina tatizo hilo, ndiyo maana nimeiandika hivyo kwenye hesabu ya juu. Jaribu mchanganyiko wowote mpya kwenye kigasha kwa siku moja kabla ya kuupaka shingoni, kwani langilangi na asumini huwawasha baadhi ya watu.

Weka chupa kabatini, ndani ya boksi lake. Dirishani jua huvunja harufu, bafuni mvuke na joto hupanda na kushuka kila siku, na kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ndimu na embe hufa ndani ya wiki chache. Spreyi uliyochanganya mwenyewe hukaa mwaka ikitunzwa hivyo. Mafuta ya asumini yatumie ndani ya miezi sita. Mvua za Aprili zikianza na joto kushuka, hesabu ile ile ya ml 4 ibadilishe kidogo: toa ndimu yote, punguza embe iwe 0.5, pandisha vanila hadi 0.6 na sandali hadi 1.1, asumini, langilangi na nazi zibaki zilivyo.